Mtungi umejaa au umeisha? Shajara ya mizani ya gesi ya peintiboli, Kigamboni

4 Januari

Leo nimeaibika vibaya. Tumepata kundi la watu 20 toka ofisi moja ya mjini, wamelipia siku nzima ya peintiboli, ule mchezo wa kupigana gololi za rangi kwa bunduki za gesi, wamevuka na pantoni asubuhi asubuhi wana mzuka kweli kweli, raundi ya tatu ndo imenoga wamebaki wanne kwa watatu, afu bunduki mbili zinaanza kukohoa. Wanaocheza wanaijua ile sauti, badala ya "pa!" inatoka "pfuu" na gololi ya rangi inadondoka hatua tatu mbele kama embe bovu. Jamaa mmoja alikuwa kajibanza nyuma ya matairi, kamlenga mwenzie vizuri kabisa, kafyatua, pfuu, mwenzie kacheka kwanza ndo akampasua ya kifua. Raundi ikafia hapo, watu wanapiga kelele gesi gesi, mi nakimbia na mitungi mikononi kama muuza maziwa.

Kilichoniuma ni kwamba asubuhi mitungi yote niliishika mwenyewe mmoja mmoja, nikatikisa, nikasema huu upo, huu upo. Kumbe wapi.

Basi mradi wangu wa mwezi huu ni mmoja tu, nijue gesi iliyobaki kwenye mtungi kabla bunduki haijaingia uwanjani. Naandika hapa kila hatua ikiwemo ya kijinga, maana najijua, nikifanikiwa ntasema nilijua toka mwanzo.

Tulichonacho: bunduki 12 za Tippmann 98, kongwe lakini hazina makuu, ukizipangusa na kuzipaka oili zinapiga. Mitungi 14 ya aluminiamu ya wakia 20, kila mmoja unabeba gramu 567 za CO2, hewa ukaa hiyo hiyo inayotoboa pua ukinywa soda ya baridi. Afu mtungi mama mkubwa tunaojazia hapa hapa. Hii gesi hapa nchini kuna inayovunwa ardhini kabisa kule Rungwe, Mbeya, inatoka chini yenyewe, kwa hiyo usije ukadhani ni kitu cha kuagiza Ulaya.

6 Januari

Wazo la kwanza ni la kila mtu: funga geji. Kwenye boksi la spea kulikuwa na adapta yenye geji ya presha inayofika PSI 1,500 (PSI ndo kipimo chake), ukiikaza kwenye mdomo wa mtungi inabonyeza kile kipini cha valvu na mshale unapanda. Nikachukua mtungi namba 3 niliojaza jana usiku, mshale ukasimama 950 na ushee. Nikachukua namba 9 uliopigiwa raundi nzima jumamosi, ukasimama 950 na ushee. Nikadhani geji imekwama, nikaigonga na kucha, nikarudia. Vile vile.

Dogo wa kazini ananiangalia ananiambia braza si bora hata tupige ramli.

Kumbe geji haina kosa, mi ndo nilikuwa naiuliza swali lisilo lake. Ndani ya mtungi CO2 haikai kama hewa kwenye tairi la baiskeli. Sehemu kubwa ni kimiminika, juu yake kuna mvuke. Ukipiga risasi unatoa mvuke, kimiminika kinachemka kidogo kinajaza pengo, presha inarudi pale pale. Chota, inajazwa, chota, inajazwa, kama mtu anayeishi kwa mkopo. Mshale hautasema chochote mpaka tone la mwisho la kimiminika liishe. Presha ya mvuke inafuata joto na si kiasi kilichobaki: nyuzi 20 unapata kama PSI 830, nyuzi 25 kama 930, nyuzi 30 kama 1,045. Kwa hiyo nimenunua... nimefunga kipimajoto chenye sura ya geji. Safi sana.

8 Januari

Nilipita kwa bi mkubwa Mbagala nikamkuta jikoni anamwagia mtungi wake wa kilo 15 maji ya moto. Nikamuuliza mama vipi, akasema "naangalia gesi imefika wapi, ndugu zako wanakuja Ijumaa nisije nikaumbuka na pilau nusu mbichi." Akapitisha kiganja toka juu kushuka chini, juu pamoto, chini pakafika mahali pakawa pa baridi ghafla. "Hapa." Akachora na mkaa. Sekunde kumi, hana geji, hana betri.

Nikasema daah, jibu lilikuwa nyumbani muda wote. Kwenye kimiminika ukuta wa mtungi unapoa haraka maana kinanyonya joto, kwenye mvuke unabaki wa moto, mpaka unaonekana. Nikarudi uwanjani kesho yake, saa nane mchana, nikachemsha maji kwenye jagi la umeme, nikachukua mtungi namba 5 uliojazwa muda si mrefu, nikamwaga. Hamna. Nimepitisha mkono juu mpaka chini, joto moja tu. Nikautikisa sikioni, kimya. Sio kimya cha mtungi mtupu maana mzito unausikia, ni kimya cha kitu kilichojaa hadi kooni.

Nikachukua na namba 9 ule wa juzi. Nao kimya, nao joto moja.

Yaani mtungi uliojaa na mtungi unaokaribia kuisha vyote havina mstari, vyote havipigi chubwi. Hapo ndo nikaelewa kwa nini tarehe 4 nilitikisa mitungi 14 nikaishia kujidanganya.

9 Januari

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikapitia soko la samaki Feri nikanunua barafu ya wavuvi, nikapanda nayo pantoni kwenye ndoo, mzee mmoja ananiuliza kijana samaki wako wapi, nikamwambia mzee nampoza mtungi, akasogea mbali kidogo.

Namba 5 nimemzamisha kwenye barafu nusu saa. Nikamtoa, nikamtikisa. CHUBWI CHUBWI CHUBWI. Kama dafu. Dogo kafurahi kuliko mimi, kautikisa mpaka nikamnyang'anya. Nikamwagia maji ya moto mstari ukatokea, chini baridi juu moto, safi kabisa kama wa mama. Nikauacha juani dakika arobaini, nikatikisa tena, kimya.

Sasa hii ndo sehemu iliyonifungua macho. CO2 ina mpaka wake, nyuzi 31 na kidogo hivi. Ukiuvuka huo, hakuna tena kimiminika na mvuke, kunakuwa na kitu kimoja tu kimejaa chombo kizima, hakina uso, hakina mstari, utatikisa mpaka bega litoke. Na Dar mwezi wa kwanza mchana nyuzi 31 ni kivulini, mtungi ulioachwa mezani juani unapita hapo bila hata kujitahidi. Tena mtungi uliojazwa sawa sawa hausubiri hata 31, kimiminika kinatanuka na joto, kwenye nyuzi 27 au 28 kinakuwa kimeshajaza mtungi wote, nafasi ya kuchezea hakuna. Gesi ya kupikia ni propani na butani, mpaka wa propani ni kama nyuzi 97 na wa butani 152, kwa hiyo mtungi wa mama hata ukae jua la Dodoma ndani bado ni kimiminika na mstari wake uko pale pale. Mbinu yake haina kasoro. Mi ndo nilikuwa naitumia kwa gesi nyingine kwenye jiji lenye joto.

Na mawaidha yote niliyowahi kusikia kuhusu kutikisa mtungi nahisi yalitolewa na watu wanaovaa sweta.

12 Januari

Kinachobaki ni uzito. Joto lipande lishuke, gramu ni gramu. Mama watoto anaoka keki za oda na ana mizani yake ya kidijitali ya kilo 5, nimeiazima. Nimesema nimeiazima ila yeye ana neno lake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua kila mtungi mtupu una uzito gani, maana bila hiyo namba huna kitu. Mitungi ya gesi ya kupikia imegongwa uzito wake mtupu kwenye kola, hii yetu mingi haina. Nikaimaliza gesi yote kwa kupiga kwenye wavu mpaka bunduki ikakata kabisa, nikapima, nikaandika ubavuni kwa makapeni. Usidhani mitungi ya aina moja ina uzito mmoja: namba 1 ni gramu 1,043, namba 6 ni 1,058, namba 11 ambayo ina valvu tofauti ni 1,081. Tofauti ya gramu 38 kati ya wa kwanza na wa kumi na moja, hiyo ni risasi karibu 60.

Afu nikafanya jaribio nililokuwa nalitamani. Bosi hayupo, chumba chake kina AC, nikaweka 26, nikaweka ndoo ya maji humo ili mtungi ukae joto moja, kila nikipiga gololi kadhaa nje narudisha mtungi kwenye ndoo nusu saa, naufuta, napima uzito, nasoma geji. Siku nzima. Nilichopata: gramu 567, geji 955. Gramu 400, geji 955. Gramu 250, bado 955, mshale haujatikisika, na hapo zaidi ya nusu ya gesi imeshaenda. Gramu 200 ndo ukashuka kidogo, 930. Gramu 150 ikawa 850. Gramu 120 ikawa 760. Gramu 60 ikawa 480 na bunduki inatoa pfuu.

Kwa hiyo geji inaongea, ila inaongea mwishoni, kama yule mjumbe wa kikao anayenyamaza saa tatu afu mnaponyanyuka ndo ananyoosha mkono. Na hapo ni chumbani kwenye AC. Uwanjani ni fujo zaidi, mtu akifyatua mfululizo mtungi unapoa mpaka unaumiza vidole, mshale unaanguka, unadhani gesi imeisha, ukipumzika dakika kumi unapanda tena wenyewe. Mtungi wa gramu 400 uliotoka kupigwa haraka haraka unaweza kusoma chini ya mtungi wa gramu 150 uliolala juani.

Nikapiga gololi 100 kwa kuhesabu, nikapima kabla na baada: gramu 65 zimeondoka. Basi 0.65 kwa risasi. Mtungi wa gramu 567 ukigawa unapata risasi 870 hivi, ila zile gramu 80 za chini hazina nguvu ya maana, nikizitoa nabaki na 750 nzuri. Watu wanapenda kusema mtungi wa wakia 20 unatoa elfu moja. Labda kwa bunduki yao.

15 Januari

Mizani imerudi kwa mwenyewe. Kuna keki ya harusi ya Tabata na sponji ikatoka nzito, na nimetuhumiwa kwamba mizani imeharibika kwa kubebeshwa vyuma. Sikubishana. Nimeisafisha na spiriti nikairudisha na kilo ya siagi juu.

Nikiwa mkweli mizani ya elfu thelathini ya kununua ingemaliza kazi na stori ingeishia hapa. Ila ile ya keki ina tabia mbili zinazonikera, inajizima ikikaa dakika mbili, na inakuachia wewe utoe hesabu. Siku ya kundi la watu 20 dogo ana mitungi kumi mbele yake, wateja wanamuita, akitoa 1,391 kutoa 1,058 kichwani anapata anachopata. Nataka kitu unaweka mtungi, unachagua namba yake, kinakwambia risasi zilizobaki, basi.

Kariakoo. Nimezunguka maduka ya vifaa vya elektroniki, muuzaji wa kwanza nikimwambia kipima uzito ananionesha mizani ya bafuni. Wa tatu ndo akaelewa, akanitolea lodiseli ya kilo 5: kipande cha aluminiamu kama urefu wa kidole cha kati, katikati kimetobolewa, kinatoka na nyaya nne nyembamba, nyekundu nyeusi nyeupe na kijani. Ukikibebesha uzito kinapinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, na upinzani wa umeme ndani yake unabadilika kidogo mno, ndo maana lazima uwe na kale kabodi ka HX711 kakuze hiyo ishara na kuigeuza namba. Vyote viwili elfu 18 baada ya kubembelezana, Arduino Nano, kale kakompyuta kadogo ka kuendesha mashine, elfu 25, skrini ya mistari miwili elfu 15. Nikanywa na juisi ya miwa.

19 Januari

Nimeunga. Namba zilikuwa zinacheza kama watoto, naweka mtungi inasoma 1,610, natoa nauweka tena 1,574, tena 1,633. Nikarudia kuchomea nyaya, vile vile. Nikabadilisha programu, vile vile. Siku mbili.

Kosa lilikuwa la useremala. Lodiseli inatakiwa ishikwe upande mmoja tu na mzigo ukae upande wa pili, katikati ielee. Mi nilikuwa nimeikaza moja kwa moja kwenye plaiwudi kote kote, tumbo lake linagusa ubao, sasa itapinda saa ngapi. Nikaweka washa mbili kila upande ikanyanyuka milimita tatu, namba zikatulia palepale. Afu nikazima na pangaboi, maana upepo wake ulikuwa unaongeza gramu nne tano kila panga linapopita juu ya sahani.

Kuiweka sawa nikaenda kwa Mangi dukani nikamuomba mawe ya mizani, lile la nusu kilo, la kilo na la kilo mbili. Alikubali kwa sharti nipimie pale pale kwenye kaunta yake, kwa hiyo kuna watu walikuwa wanasubiri unga huku mi nina laptopu na waya. Jiwe la kilo likasoma 1,000, la nusu 500, yote mawili 1,501. Mangi kaangalia skrini kasema "kwa hiyo hii haiibii mtu", nikamwambia inategemea nani kaishika.

25 Januari

Siku ya kwanza kazini, kundi la birthday, watu 14. Pawabenki inaendesha kila kitu maana umeme ulikatika saa tatu. Mitungi yote ilipita mezani kabla ya kuingia, iliyo chini ya risasi 250 haikuruhusiwa. Raundi nne hakuna pfuu hata moja.

Ila kuna mambo mawili.

La kwanza, umande. Mtungi ukitoka uwanjani umepoa, na hewa ya Kigamboni ina maji kama taulo, ndani ya dakika moja mtungi unavaa jasho kote, matone yanateremka mpaka kwenye kitako. Nilipima namba 2 hivyo hivyo ikasoma 1,322, nikaufuta vizuri kwa kitambaa ikasoma 1,315. Gramu saba za maji matupu, ambazo mashine ilishazihesabu kama risasi kumi na moja. Sasa kuna kanga ya zamani imefungwa kwenye mguu wa meza, sheria ni futa kwanza.

La pili, soksi. Mitungi mingine ina koti la mpira la kuzuia baridi. Dogo kwa nia njema kabisa kaivalisha namba 7 ambayo niliipima ikiwa uchi, koti lina gramu 90, mashine ikasema umejaa tele risasi zaidi ya 400, mtoto wa watu kaenda nao akakatika nusu ya raundi. Ilikuwa ni yule yule mwenye birthday. Makoti yote nimeyafungia kabatini.

2 Februari

Hii haikuwa kwenye mpango. Mteja wetu mmoja na rafiki yake wana bunduki zao na mitungi yao ya wakia 20, walijazia sehemu nyingine mjini ambako wanajaza kwa kusikiliza na kubahatisha, wakaweka kwenye buti la gari, wakaegesha juani saa saba mchana wakati wanakula. Mlipuko ulisikika mpaka kwa mama ntilie. Kufungua buti ni moshi mweupe na theluji kwenye begi la nguo, kile kisahani chembamba cha usalama kwenye valvu ya mtungi mmoja kimepasuka kama kinavyotakiwa kupasuka. Hakuna aliyeumia, gari nalo halikuharibika, ila jamaa alikaa chini kwenye mchanga muda mrefu hajasema kitu.

Mtungi wa pili ulikuwa bado mzima. Tukaupoza kivulini na maji, nikaupima: 1,688. Ni aina ile ile ya namba 1 wangu ambao mtupu ni 1,043. Gramu 645! Zimezidi 78. Tukaufungulia polepole nje, uso mbali, glovu mkononi.

Hapa joto la Dar halina utani. Mtungi uliozidishwa hauna nafasi ya kimiminika kutanukia, kwa hiyo joto likipanda presha hailingani tena na ile ya kawaida, inapaa. Ndo maana unajaza kwa mizani, sio kwa sikio. Na sisi wenyewe kukiri, hadi mwezi uliopita tulikuwa tunajaza kwa sikio. Sasa hivi tunaweka mtungi kwenye mizani, tunaupoza kwanza kwa kuingiza gesi kidogo na kuiachia, ndo tunajaza mpaka 567 na hata gramu moja haiongezwi, milango wazi, maana hewa ukaa ikijaa chumba kidogo inakulaza.

9 Februari

Bosi amesikia hadithi ya buti sasa anauliza kwa nini tusihamie hewa ya kawaida iliyogandamizwa. Swali zuri tu. Mtungi wa hewa wa inchi za ujazo 48 unaojazwa PSI 3,000 hauna kimiminika ndani, ni hewa tupu, geji yake haijui uongo: 3,000 umejaa, 1,500 nusu, 750 robo, mtoto wa darasa la tatu anasoma. Regyuleta yake, kile kifaa cha kushusha presha, inatoa PSI 800 mpaka 850 kwenda kwenye bunduki muda wote. Mshale ungenimalizia mradi mzima siku ya kwanza. Hata ukipima kwa uzito hewa yote iliyomo ni kama gramu 185 tu.

Shida ni kuijaza. Kompresa ya kufika huko sio ile ya fundi tairi, unahitaji kama za wapiga mbizi, na kutoka Kigamboni kila wiki kubeba mitungi 14 kwenda kujazisha upande wa pili wa bahari ni safari na hela. Nimemwandikia hesabu kwenye karatasi. Kaiangalia, kaiweka mfukoni, kasema tutaona. Tutaona ya bosi ninaijua.

16 Februari

Faida ambayo sikuitegemea. Kwa kuwa sasa tunaandika uzito kila jioni kwenye daftari, nikaona namba 4 inapungua ikiwa imelala tu. Ijumaa usiku gramu 431 za gesi, Jumamosi asubuhi 425, jioni 418, na haikutoka kabatini. Nikaupaka povu la sabuni kwenye valvu, nikasubiri, nikasubiri, nikaona kiputo kimoja kidogo kama kichwa cha pini kinakua taratibu pembeni ya kipini, kinapasuka, kinaanza kingine. Kwa geji nisingejua maisha, ingekaa palepale wiki nzima mpaka siku ya wageni.

Uvujaji ule uko kwenye sili ya kipini chenyewe, na kufungua valvu mtungi ukiwa na gesi hicho kitu sifanyi. Nikaupigia wote kwenye wavu, nikamuita fundi anayejua kazi hiyo, akabadilisha sili ndogo ya ndani ya shilingi elfu mbili, nikaupima mtupu upya maana kitu chochote ukikigusa kwenye valvu namba ya mwanzo haifai tena: ulikuwa 1,049, sasa 1,050. Nikaujaza kidogo kidogo.

Dogo ameanza kuandika daftari mwenyewe bila kuambiwa, mwandiko wake mbaya ila 7 na 1 zinatofautishika. Kinachobaki ni kuweka kengele ndogo ilie mtungi ukizidi 567, na kuitafutia ile plaiwudi boksi maana paka wa mlinzi amegundua kwamba sahani ni pazuri kukaa. Ana kilo tatu na gramu mia mbili.

Namba 4, leo saa tatu usiku: 412. Kesho asubuhi naipima kabla ya chai.